KUINGIA SI KUKUBALIWA
Soketi za prosesa na ulinganifu wa sehemu za kompyuta

Kompyuta ya mezani ni mashine inayoweza kufunguliwa, ikatolewa sehemu iliyokufa na kutiwa nyingine. Sifa hiyo ndiyo iliyoiwezesha kuenea hata katika miji midogo iliyo mbali na viwanda na maduka makubwa. Katika mji wa Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, kompyuta za namna hiyo hutumika maofisini, mashuleni, na katika vibanda vya kuchapa na kurudufu maandishi. Baadhi yake ni mitumba: zilifanya kazi kwanza katika ofisi za nchi za mbali, zikauzwa au zikatolewa msaada, ndipo zikapanda barabara ya Uyole kuelekea nchi ya chai na migomba chini ya Mlima Rungwe.

Mashine kama hiyo inapoharibika, kipuri chake si rahisi kukipata jirani. Mbeya mjini ni mwendo wa kilomita 70 hivi. Dar es Salaam, ambako Kariakoo ndiko kwenye wingi wa vipuri, ni zaidi ya kilomita 800. Kipuri kikinunuliwa kimakosa, kukirudisha ni gharama nyingine, na mara nyingi muuzaji hakubali kukipokea. Tuseme kuna shule ya sekondari yenye kompyuta 20, na 8 kati yake zimekufa. Mwalimu anayesimamia chumba cha kompyuta ana fedha kidogo zilizotokana na michango ya wazazi. Akinunua prosesa tatu zisizokubaliana na mashine zake, fedha hizo zimepotea, na wanafunzi wataendelea kukaa watatu watatu mbele ya kioo kimoja.

Makosa ya aina hii hutokea kwa sababu watu wengi hudhani kwamba kipuri kikiingia mahali pake basi kitafanya kazi. Katika kompyuta, kuingia ni sharti la kwanza tu. Yako mengine matatu, nayo hayaonekani kwa macho.

SOKETI NI NINI?

Prosesa ni kijibamba kidogo cha silikoni kinachofanya mahesabu yote ya kompyuta. Kijibamba hicho hufungwa ndani ya kifuko cha mraba, nacho kifuko hukaa juu ya bodi mama, yaani ule ubao mkubwa unaounganisha sehemu zote za mashine. Mahali prosesa inapokaa ndipo panapoitwa soketi. Kazi yake ni mbili: kuishika prosesa bila kulehemu, ili iweze kutolewa, na kuunganisha kila njia ya umeme ya prosesa na njia yake iliyo kwenye bodi.

Zipo aina kuu mbili. Katika aina ya kwanza, prosesa ina pini nyembamba upande wa chini, na soketi ina matundu ya kuzipokea. Wenzo mdogo ulioko kando ukiinuliwa, matundu hulegea na prosesa hushuka yenyewe bila kusukumwa. Katika aina ya pili, prosesa haina pini bali ina madoa bapa yaliyopakwa dhahabu, na soketi ndiyo yenye vipini vidogo vyenye mnyumbuko. Kampuni ya Intel ilihamia aina hii ya pili katika kompyuta za mezani mwaka 2004, ilipotoa soketi ya LGA 775. Kampuni ya AMD iliendelea na pini kwenye prosesa zake za kawaida za mezani hadi mwaka 2022, ilipotoa soketi ya AM5.

Namba iliyo katika majina ya soketi za Intel si pambo. LGA 775 ina miguso 775; LGA 1151 ina miguso 1,151. Prosesa ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na pini 16 tu, na ile ya 8088, iliyotumiwa katika kompyuta ya IBM mwaka 1981, ilikuwa na pini 40. Msomaji anaweza kujiuliza wingi huu wote ni wa nini.

Jibu moja limo katika somo la umeme la shule za sekondari. Nguvu ya umeme kwa wati ni zao la volti na ampea. Birika la umeme la wati 2,000 likiwa kwenye volti 230 huvuta ampea zisizofika 9. Lakini prosesa ya wati 65 hufanya kazi kwa volti ndogo sana, kama 1.2 hivi, kwa hiyo huvuta ampea zaidi ya 50. Mkondo mkubwa kiasi hicho hauwezi kupita katika uzi mmoja mwembamba bila kuuyeyusha. Hapana budi ugawanywe katika njia nyingi. Ndiyo maana mamia ya miguso ya soketi hayabebi habari yoyote. Kazi yake ni kuingiza umeme na kuurudisha.

SOKETI MOJA KWA MAKAMPUNI YOTE

Kulikuwa na wakati ambapo jambo hili lilikuwa jepesi zaidi. Katikati ya miaka ya 1990, soketi iliyoitwa Socket 7, yenye matundu 321, ilipokea prosesa za Intel, za AMD na za Cyrix. Mwenye bodi moja aliweza kuchagua prosesa ya kampuni aliyoipenda, mradi fundi apange vizuri vijiti vidogo vya kuchagulia volti.

Mwaka 1997 Intel iliacha Socket 7 na kutoa Pentium II iliyokaa wima katika mfereji ulioitwa Slot 1. Mfereji huo ulikuwa mali ya Intel kisheria, na washindani hawakuruhusiwa kuutumia. AMD nayo ikaja na mfereji wake mwaka 1999. Tangu hapo njia za makampuni hayo mawili zikatengana. Mifereji iliachwa baada ya muda mfupi na soketi za mraba zikarudi, lakini utengano ulibaki. Hakuna prosesa ya Intel ya leo inayoingia katika bodi ya AMD, wala ya AMD katika bodi ya Intel.

Si biashara pekee iliyoleta mabadiliko. Zamani chombo kinachosimamia kumbukumbu ya muda, ile ambayo mafundi huiita ramu, kilikuwa kwenye bodi. AMD ilikihamishia ndani ya prosesa mwaka 2003, na Intel ikafanya hivyo mwaka 2008. Tangu hapo njia zote za kumbukumbu zikalazimika kupita katika soketi, na kila kumbukumbu ya aina mpya ilipotokea, soketi nayo ilielekea kubadilika.

MASHARTI MANNE

Mkulima wa Rungwe anayebebesha miparachichi anaielewa kanuni hii vizuri. Huchukua kikonyo cha Hass na kukifunga juu ya mche ulioota kwa mbegu ya kienyeji. Kikonyo cha mwembe angeweza kukichonga kwa kipimo kilekile na kukifunga kwa utepe uleule, lakini kisingeshika. Umbo limelingana, yaliyo ndani hayakulingana. Prosesa na bodi mama vina masharti manne ya kushikana.

Sharti la kwanza ni umbo. Prosesa na soketi huwa na alama ya pembetatu kwenye pembe moja, na vipengele pembeni vinavyozuia kuingiza kitu kisichofaa. Prosesa ya LGA 1155 haiwezi kukaa vizuri katika LGA 1150, japo kwa jicho la haraka zinafanana na majina yake hukaribiana. Anayelazimisha hapa huvunja vipini, na bodi ndiyo inayokufa.

Sharti la pili ni umeme. Bodi ina saketi inayoshusha volti 12 kufikia ile volti moja na kitu inayotakiwa na prosesa. Saketi hiyo imetengenezwa kwa kiwango fulani. Bodi ndogo ya ofisi iliyokusudiwa prosesa ya wati 65 inaweza kushindwa kulisha prosesa ya wati 95, hata kama soketi ni ileile. Itawaka, kisha itazima chini ya kazi nzito. Au haitawaka kabisa.

Sharti la tatu ni chipseti, yaani chipu inayosimamia mawasiliano kwenye bodi. Soketi ya LGA 775 ni mfano mzuri wa kufundishia. Ilidumu miaka mingi na ilipokea prosesa za Pentium 4, Pentium D, Core 2 Duo na Core 2 Quad. Hata hivyo, bodi zenye chipseti ya 915 za mwaka 2004 hazikubali Core 2 Duo iliyotoka mwaka 2006. Prosesa huingia vizuri, kifuniko hufungwa, feni huzunguka, lakini kioo hubaki cheusi.

Sharti la nne ni biosi. Hii ni programu fupi iliyohifadhiwa ndani ya chipu ya bodi; ndiyo inayoamka kwanza mashine inapowashwa, nayo hutambua prosesa iliyopo na kuiandalia mazingira. Prosesa iliyotengenezwa baada ya biosi kuandikwa ni mgeni asiyejulikana. Mara nyingi mtengenezaji wa bodi hutoa biosi mpya ya kuitambulisha, lakini sharti iwekwe kwanza kwa kutumia prosesa ya zamani. Soketi ya AMD iitwayo AM4, iliyotoka mwaka 2016, ilipokea vizazi vingi vya prosesa hata nafasi ya biosi ikawa finyu. Katika baadhi ya bodi chipu hiyo ilikuwa na megabaiti 16 tu. Ikawalazimu watengenezaji kufuta majina ya prosesa za zamani ili kupata nafasi ya kuandika za mpya.

MTEGO WA LGA 1151

Mfano unaogusa shule na ofisi nyingi zaidi ni wa soketi ya LGA 1151. Ilitoka mwaka 2015 pamoja na prosesa za Intel za kizazi cha 6, ikatumika pia kwa kizazi cha 7. Mwaka 2017 kizazi cha 8 kilipotoka, kilikuwa na miguso ileile 1,151 na kipimo kilekile. Prosesa ya kizazi cha 8 hukaa katika bodi ya kizazi cha 6 bila shida yoyote. Lakini haiwaki. Intel ilibadili kazi ya baadhi ya miguso: ile ya kuingiza umeme katika viini vya prosesa iliongezwa kutoka 128 hadi 146, kwa sababu viini vyenyewe viliongezeka. Kizazi hicho kilihitaji bodi zenye chipseti za mfululizo wa 300.

Jambo hili lingebaki kuwa habari ya mafundi tu kama si tukio la Oktoba 14, 2025. Siku hiyo kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya kurekebisha kasoro za Windows 10. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, kwa upande wa Intel haikubali rasmi prosesa zilizo chini ya kizazi cha 8, isipokuwa chache. Hivyo kompyuta za kizazi cha 6 na cha 7, ambazo bado zina nguvu za kutosha kuandika barua, kufanya mahesabu na kufundishia, ziliachwa nje ya mlango. Mwenye kompyuta hizo hushawishika kununua prosesa ya kizazi cha 8, kwa kuwa soketi ina jina moja. Hapo ndipo fedha hupotea.

Njia zilizo sahihi ni mbili. Ya kwanza ni kubadili bodi mama na prosesa kwa pamoja, na kumbukumbu pia ikiwa ni ya aina nyingine. Kazi hiyo hukaribia gharama ya kununua mashine nzima ya mtumba. Ya pili ni kuiacha mashine kama ilivyo na kuiwekea mfumo wa Linux, mathalani Ubuntu au Linux Mint, ambao hupatikana bure na haubagui prosesa kwa kizazi kwa namna hiyo. Kwa shule isiyo na fedha, njia ya pili yafaa ifikiriwe kwanza.

KUMBUKUMBU NA KISANDUKU CHA UMEME

Ulinganifu hauishii kwenye prosesa. Vibao vya kumbukumbu vya DDR2 na DDR3 vyote vina miguso 240, lakini pengo lililokatwa katikati limehamishwa ili kimoja kisiingie mahali pa kingine. DDR4 na DDR5 vivyo hivyo vina miguso 288 kila kimoja, na pengo tofauti. Pengo likikataa, fundi asikate wala asisukume. Pengo hilo limewekwa kuzuia volti isiyofaa.

Kisanduku cha umeme nacho kina mtego wake. Kipimo cha ATX kilichoanza mwaka 1995 kiliwafanya watengenezaji wengi wafuate kiunganishi kimoja, ambacho baadaye kilikuwa na pini 24. Lakini kompyuta za ofisi za makampuni makubwa mara nyingi hufuata vipimo vyake zenyewe. Dell OptiPlex 7020 ya mwaka 2014, kwa mfano, hutumia kiunganishi kikuu cha pini 8. Kisanduku cha kawaida hakiingii bila waya wa kuunganishia. Hatari zaidi zilikuwa mashine fulani za Dell za mwisho wa miaka ya 1990, ambazo kiunganishi chake kilikuwa na umbo la ATX huku nyaya zikiwa zimepangwa vingine. Kisanduku cha dukani kiliingia vizuri kabisa, na bodi ikaungua.

Lipo pia jambo la kufurahisha. Matundu ya kufungia kipozajoto ni yaleyale katika soketi za Intel za LGA 1156, 1155, 1150, 1151 na 1200. Kwa hiyo feni iliyokufa katika moja yaweza kubadilishwa kwa iliyotoka katika nyingine, hata kama prosesa zenyewe hazibadilishani.

KAZI YA FUNDI KATIKA NCHI YA MVUA

Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, na ukungu wa asubuhi si jambo la ajabu. Vumbi lililokusanyika juu ya bodi hufyonza unyevu, nao unyevu hupitisha umeme mahali usipotakiwa na huleta kutu katika miguso. Mashine iliyotolewa katika stoo yenye baridi na kuingizwa katika chumba chenye joto yapasa iachwe saa kadhaa kabla ya kuwashwa, ili umande uliotanda ndani ukauke.

Kabla ya kununua kipuri chochote, fundi aanze na mambo yasiyo na gharama. Betri ndogo ya volti 3 iliyoko kwenye bodi ikiisha, saa hupotea na mipango ya biosi hufutika. Mashine nyingine hukataa kuendelea, na mwenye nayo hudhani imekufa. Vibao vya kumbukumbu vitolewe, miguso isuguliwe taratibu kwa kifutio safi cha penseli, virudishwe kimoja kimoja. Bandiko la kupitisha joto lililokauka kati ya prosesa na kipozajoto lifutwe na kupakwa jipya. Waya wa umeme uchomolewe kwanza, na fundi aguse chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini.

Mwalimu wa shule iliyotajwa mwanzoni aanze kazi yake kwa daftari, si kwa duka. Kila mashine iandikwe modeli, jina la soketi, prosesa, aina ya kumbukumbu na kiunganishi cha umeme. Tuseme katika zile 8 zilizokufa, 3 ni za modeli moja. Ya kwanza bodi yake imeungua, ya pili kisanduku cha umeme kimekufa, ya tatu kumbukumbu ndizo mbovu. Prosesa ni sehemu inayokufa mara chache kuliko hizo nyingine. Kisanduku na kumbukumbu za ile ya kwanza zikihamishiwa kwa wenzake, mashine mbili zinafufuka bila kununua chochote. Kama hizo 3 zingekuwa za modeli tatu tofauti, huenda zote zingebaki stoo.

Hapa ndipo lilipo somo kwa bodi za shule, kamati na ofisi zinazonunua au kupokea msaada. Kompyuta 10 za modeli moja zina thamani kuliko 15 za modeli nane, hata kama kila moja ya hizo 15 inaonekana mpya zaidi. Mashine zinazofanana ni ghala la vipuri vyake zenyewe. Mfadhili anapouliza shule inahitaji nini, jibu lisiwe idadi peke yake. Liwe pia modeli na jina la soketi. Na mwenye kusafiri kwenda Mbeya au Dar es Salaam kutafuta kipuri abebe karatasi yenye jina kamili la bodi mama, kisha aangalie katika orodha ya mtengenezaji wa bodi hiyo kama prosesa anayoitaka imetajwa. Ikiwa haimo katika orodha, asiinunue, hata kama muuzaji ataiingiza katika soketi mbele ya macho yake.